Hodi Bila Kuuliza "Nani?": Vyeti vya Utambulisho katika Programu za Simu

Mtu anapobisha hodi usiku, mwenye nyumba haondoi komeo mara moja. Kwanza huuliza, "Nani?" Jibu la "Mimi" peke yake halimtoshi, kwani kila mtu duniani ni "mimi". Huisikiliza sauti, hutaka jina, na pengine huchungulia dirishani. Akisha kuridhika ndipo afunguapo. Desturi hii ni ya kale, wala hakuna anayehitaji kufundishwa sababu yake.

Simu ya mkononi nayo hupaswa kuuliza swali hilohilo kila inapozungumza na kompyuta iliyo mbali. Programu ya benki iliyomo simuni hutuma jina la mteja na neno lake la siri kwa kompyuta ambayo mteja hajapata kuiona wala hataiona. Kabla ya kutuma, programu haina budi kujua kama kompyuta inayojibu ni ya benki kweli, au ni ya mtu aliyejipenyeza njiani. Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo linavyoulizwa na kujibiwa. Yanaeleza pia jinsi ambavyo programu nyingi zimepata kutolewa kwa umma bila kuuliza chochote, aghalabu kwa sababu ya kipande kidogo kilichoazimwa kwa mtengenezaji mwingine.

SIRI NI KITU KIMOJA, UTAMBULISHO NI KINGINE

Watu wengi hudhani kwamba ujumbe ukisha kusimbwa, yaani kugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka na asiye na ufunguo, basi uko salama. Fikira hiyo ni nusu tu ya ukweli. Usimbaji humzuia mtu wa tatu asisome yanayosemwa baina ya wawili. Hauwezi kumwambia wa kwanza kama yule wa pili ndiye aliyemkusudia.

Tuchukue mfano. Abiria ameketi katika kituo cha mabasi na kuiunganisha simu yake na mtandao wa bure usio na waya. Hajui kwamba mtandao huo umewekwa na mtu mjanja aliyeupa jina linalofanana na la kituo. Programu ya benki inapoiita kompyuta ya benki, mwito wake hupita katika mtambo wa mjanja huyo, naye hujibu badala ya benki: "Ndimi benki, tukubaliane ufunguo." Programu isipouliza uthibitisho, itakubaliana naye ufunguo, na mazungumzo yao yatasimbwa kwa ustadi kamili. Papo hapo mjanja hufungua mazungumzo ya pili na benki ya kweli, akijifanya yeye ndiye mteja. Kila neno linalotoka upande huu hulifumbua, hulisoma, akipenda hulibadili, kisha hulisimba tena na kulipeleka upande wa pili. Mteja huona salio lake kama kawaida. Benki nayo humwona mteja wake kama kawaida. Fumbo halikuvunjwa mahali popote. Ila ufunguo alipewa mtu asiyestahili.

Kanuni zinazotumika leo kulinda mazungumzo ya aina hii zilizingatia hatari hiyo tangu mwanzo. Kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa kanuni zilizoitwa SSL mwaka 1995. Mwaka 1999 zikafuatwa na kanuni za TLS, ambazo toleo lake la 1.3 lilikamilishwa mwaka 2018. Katika kanuni hizi kuna kazi mbili zinazokwenda pamoja: kusimba maneno, na kumthibitisha anayejibu. Kazi hiyo ya pili hufanywa kwa cheti.

CHETI NI NINI?

Kijana aliyemaliza kidato cha nne anapoomba kazi, mwajiri hutaka kuona cheti chake. Mwajiri hakuwapo katika chumba cha mtihani, wala hamjui kijana huyo. Lakini analijua Baraza la Mitihani na anaujua mhuri wake. Kwa kuliamini Baraza, anaweza kuliamini neno la Baraza kuhusu mtu ambaye hajapata kumwona.

Cheti cha kompyuta kimejengwa juu ya wazo hilohilo. Ni waraka mfupi wa kielektroniki unaotaja jina la kompyuta, kwa mfano anwani ya benki katika intaneti. Ufunguo wa wazi wa kompyuta hiyo. Tarehe ya kuanza na ya kwisha. Na jina la mamlaka iliyokitoa. Mwisho wake kuna sahihi ya mamlaka hiyo. Sura ya waraka huu ilipangwa kimataifa mwaka 1988 katika kanuni iitwayo X.509, ambayo ingali inatumika baada ya kurekebishwa mara kadhaa. Simu inapotoka kiwandani huwa tayari ina orodha ya mamlaka zinazoaminika, zaidi ya mia moja, pamoja na funguo zao za wazi. Mara nyingi mamlaka kuu haitii sahihi katika cheti cha benki moja kwa moja, bali huiidhinisha mamlaka ndogo, nayo hutia sahihi. Hivyo hupatikana mnyororo wa vyeti, ambao simu huufuata pingu kwa pingu mpaka ifike kwa mamlaka inayoijua.

HESABU YA SAHIHI

Huenda mwanafunzi akauliza: sahihi ya karatasi huandikwa kwa kalamu, sahihi ya kompyuta huandikwa kwa nini? Jibu ni kwamba huandikwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe yaweza kuonyeshwa kwa namba ndogo. Njia tutakayoitumia ilibuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nayo hujulikana kwa herufi za kwanza za majina yao, RSA.

Chukua namba tasa mbili, 3 na 11. Zao lake ni 33. Mamlaka huwatangazia watu wote namba 33 pamoja na kipeo 3. Huu ndio ufunguo wa wazi. Kipeo kingine, 7, hukiweka kwake. Huu ndio ufunguo wa siri. Namba 7 imechaguliwa kwa sababu 3 × 7 = 21, na 21 ikigawanywa kwa 20 hubakiza 1; nayo 20 imepatikana kwa kuzidisha (3 − 1) kwa (11 − 1).

Tuseme yaliyomo katika cheti yamefupishwa kuwa namba 4. Mamlaka huipandisha 4 kwa kipeo cha siri, 7, na kupata 16,384. Hugawanya kwa 33 na kuchukua baki, ambalo ni 16. Hii 16 ndiyo sahihi, nayo huandikwa chini ya cheti.

Simu inapopokea cheti chenye namba 4 na sahihi 16, huitwaa sahihi na kuipandisha kwa kipeo cha wazi, 3. Hupata 4,096. Ikigawanya kwa 33, baki ni 4. Namba iliyopatikana ni sawa na namba ya cheti. Kwa hiyo sahihi ni ya kweli. Sasa tuseme mjanja amebadili jina katika cheti, na namba ya cheti imekuwa 5, naye ameiacha sahihi ileile ya 16. Simu hukokotoa na kupata tena 4. Lakini cheti kinasema 5. Hapo simu hujua kwamba cheti kimeghushiwa.

Namba 33 yaweza kugawanywa katika 3 na 11 na mtoto wa shule, na kwa hiyo siri yake hugunduliwa upesi. Katika kazi halisi namba inayotangazwa aghalabu huwa na tarakimu 617, na hakuna njia inayojulikana ya kuigawanya kwa kompyuta za leo katika muda wa kufaa. Kanuni ya hesabu, hata hivyo, ni hii hii.

MASWALI MANNE

Kuhakiki sahihi hakutoshi. Mwajiri makini akipokea cheti hutazama mambo kadhaa, na programu ya simu nayo hupaswa kujiuliza maswali manne.

Kwanza, je, mnyororo wa sahihi unafika kwa mamlaka ninayoiamini? Mtu yeyote aweza kujichapia cheti na kukitia sahihi yake mwenyewe, kama vile mtu aweza kuchonga mhuri wake nyumbani.

Pili, je, jina lililomo katika cheti ni la kompyuta niliyoiita? Swali hili husahauliwa mara nyingi kuliko yote. Mjanja aweza kujipatia cheti halali kabisa cha tovuti yake mwenyewe, kisha akakionyesha kwa programu iliyokuwa ikitafuta benki. Sahihi ni ya kweli, mamlaka inaaminika, lakini cheti ni cha mtu mwingine. Ni sawa na kijana aletaye cheti halisi cha jirani yake.

Tatu, je, tarehe ya leo imo kati ya mwanzo na mwisho wa cheti? Ndiyo maana simu iliyopoteza tarehe baada ya betri yake kwisha kabisa hukataa hata vyeti halali. Dawa yake ni kurekebisha tarehe, si kulipuuza onyo.

Nne, je, cheti hiki hakijafutwa na mamlaka iliyokitoa, kwa mfano baada ya ufunguo wake wa siri kuibwa?

Maswali ya kwanza matatu yakikosa jibu la kuridhisha, hata moja tu, mazungumzo hayana budi kukatwa kabla ya neno lolote la siri kutumwa. La nne ni gumu zaidi kulitekeleza, na mifumo mbalimbali hulishughulikia kwa njia tofauti.

KIPANDE KILICHOAZIMWA

Programu za simu siku hizi hazitungwi zote na mkono mmoja. Mtengenezaji anayetaka programu yake ipige picha, ionyeshe ramani au ipeleke faili kwa kompyuta ya mbali, haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyokwisha andikwa na wengine na kuvichomeka katika kazi yake. Vipande hivyo huitwa programu-jalizi, au maktaba za programu. Desturi hii si mbaya. Bila hiyo kazi ya mwezi mmoja ingechukua mwaka. Lakini mwenye kuchomeka kipande hurithi pia makosa yaliyomo ndani yake, na aghalabu hakifungui kutazama. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Tazama mfano wa Apache Cordova, chombo kinachowawezesha watengenezaji kuandika programu ya simu kwa lugha zilezile za kurasa za intaneti. Kazi zote zinazohusu mwili wa simu hufanywa na programu-jalizi. Mojawapo ilikuwa ya kuhamisha faili. Katika maelekezo yake mlikuwa na kigezo ambacho kikiwekwa kuwa "kweli", programu hukubali vyeti vyote bila kubagua. Thamani yake ya kawaida ilikuwa "si kweli", na waandishi wake walionya kwamba kisitumike katika programu inayotolewa kwa watu. Kiliwekwa kwa ajili ya majaribio tu. Basi usalama wa watumiaji ulitegemea kwamba kila mtengenezaji angesoma onyo hilo na kulikumbuka.

KASORO INAVYOINGIA

Hadithi yake kwa kawaida ni fupi. Mtengenezaji anajaribu programu yake na kompyuta iliyo mezani pake. Kompyuta hiyo haina cheti cha mamlaka. Amejitungia cheti mwenyewe. Simu, kwa haki kabisa, inakikataa. Kazi imesimama na siku ya kukabidhi iko karibu. Mtengenezaji hutafuta msaada, na hupata mistari michache iliyoandikwa na mtu asiyemjua, ambayo ikiwekwa "tatizo" huondoka. Anaiweka. Programu inafanya kazi. Wiki kadhaa baadaye inatolewa kwa umma, na mistari ile bado imo.

Katika Android mistari hiyo ni michache kwa namna ya kushangaza. Kazi ya kuhakiki cheti hukabidhiwa kwa kitengo cha programu ambacho hakirudishi "ndiyo" wala "hapana". Kisiporidhika, hupaswa kutangaza hitilafu, na mawasiliano hukatika. Kikinyamaza, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ridhaa. Kwa hiyo mtengenezaji akikiandika upya kitengo hicho na kukiacha kitupu, bila hata mstari mmoja ndani yake, amekwisha kuandika programu inayokubali kila cheti duniani.

Wakati mwingine kosa hutokana na lugha ya chombo chenyewe. Maktaba mashuhuri ya cURL ilikuwa na kigezo cha kuhakiki jina la kompyuta, chenye thamani tatu: 0 maana yake usihakiki, 1 maana yake tazama tu kwamba cheti kina jina lolote, 2 maana yake hakikisha kwamba jina ni lile lililoitwa. Watengenezaji kadhaa, wakidhani kwamba ni swali la ndiyo au hapana, waliandika "kweli". Kompyuta huihesabu "kweli" kuwa 1. Hivyo watu waliokusudia kufunga mlango waliuacha wazi kwa neno lilelile walilodhani ni kufuli. Kosa hili lilielezwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin na Chuo Kikuu cha Stanford, ambao walilikuta hata katika maktaba za kupokelea malipo. Mwaka huohuo maktaba ya cURL ilirekebishwa ili thamani 1 isikubaliwe tena kimyakimya.

YALIYOGUNDULIWA

Mwaka 2012 pia, watafiti wa Ujerumani, kutoka vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, walizichunguza programu 13,500 za bure za Android. Katika 1,074 kati yake, yaani asilimia 8, walikuta maandishi yenye dalili ya kutohakiki vyeti ipasavyo. Wakachagua 100 na kuzijaribu kwa mkono, wakijiweka katikati kama yule mjanja wa kituo cha mabasi. Programu 41 ziliwakubali. Walinasa maneno ya siri ya akaunti za benki, za kadi za malipo na za barua pepe. Kisa kimoja chastahili kukumbukwa: programu iliyotengenezwa kuilinda simu dhidi ya virusi ilipokea kutoka kwao orodha ya uongo ya virusi, hata wakaweza kuiamuru iione programu yoyote kuwa ni kirusi. Mlinzi mwenyewe hakuuliza "Nani?"

Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya simu za Apple. Maktaba iitwayo AFNetworking, iliyotumiwa na maelfu ya programu, ilitoa toleo la 2.5.1 lenye kosa lililoondoa uhakiki wa cheti. Hapa mtengenezaji wa programu hakufanya kosa lolote kwa mkono wake; alichukua tu toleo jipya la kipande alichokuwa akikitumia. Toleo la 2.5.2 lilisahihisha kosa hilo mwezi Machi. Lakini kusahihisha maktaba si kusahihisha programu zilizokwisha kujengwa kwayo. Kila mwenye programu alipaswa kuchukua toleo jipya, kuijenga programu yake upya, na kuwapelekea watumiaji. Nao watumiaji walipaswa kuisasisha. Mwezi Aprili kampuni iliyochunguza programu katika duka la Apple ilikadiria kwamba kiasi cha 1,000 zilikuwa bado na kosa hilo.

Jambo hili linazihusu nchi zetu kwa karibu, kwa kuwa simu kwetu ni mfuko wa fedha. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, haikutumia programu za aina tunayoizungumzia. Ilipita katika kadi ya simu na mitambo ya kampuni ya simu. Simu-janja zilipoenea, watoaji wa huduma za namna hiyo katika nchi nyingi waliongeza programu zinazopita katika intaneti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walizitazama programu zote 46 za Android walizozipata miongoni mwa watoaji 246 wa huduma za fedha kwa simu waliojulikana wakati huo katika nchi zinazoendelea. Walizifungua saba kati yake na kuzichambua hatua kwa hatua, tangu kujiandikisha mpaka kutuma fedha. Kasoro za kuhakiki vyeti zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakuta yameenea. Waliona pia kwamba uchunguzi uliofanywa na mashine peke yake haukutoa majibu ya kutegemewa. Ilibidi mtu akae na kusoma.

KWA NINI KASORO HII HAIJIONYESHI?

Kifaa kibovu kwa kawaida hujitangaza. Taa isiyo na umeme haiwaki; pampu iliyopasuka humwaga maji. Uhakiki wa cheti ukiondolewa, hakuna kinachoharibika. Programu hufunguka, huduma hufanya kazi, na pengine kazi huonekana nyepesi zaidi, kwa kuwa maonyo yaliyokuwa yakisumbua yamekoma. Mtumiaji wa kivinjari akikutana na cheti kibovu huonyeshwa onyo. Mtumiaji wa programu ya simu haonyeshwi chochote, kwani mazungumzo yote hufanyika nyuma ya pazia. Hawezi kujilinda dhidi ya hatari asiyoweza kuiona. Kwa sababu hiyo dhima kubwa ni ya mtengenezaji.

Hapa kuna somo la sayansi linalozidi mipaka ya kompyuta. Anayejaribu programu yake kwa kompyuta ya kweli na kuona kwamba inafanya kazi, amethibitisha tu kwamba inakubali kinachostahili kukubaliwa. Hajathibitisha kwamba inakataa kinachostahili kukataliwa. Mlinzi wa lango hapimwi kwa kuwapitisha wenye vibali. Hata lango lisilo na mlinzi huwapitisha. Hupimwa kwa kumpeleka mtu asiye na kibali na kutazama kama atazuiwa.

NJIA ZA KUZUIA

Kwanza, mwenye programu afanye jaribio la kukataa. Aikutanishe na kompyuta yenye cheti cha kujitungia, kisha yenye cheti cha jina jingine, kisha yenye cheti kilichokwisha muda. Mara zote tatu programu inapaswa kukata mawasiliano. Ikikubali hata mara moja, isitolewe. Tovuti ya badssl.com imewekwa mahsusi yenye anwani za vyeti vibovu vya aina hizi kwa ajili ya majaribio.

Pili, jaribio hilo lirudiwe kila programu-jalizi mpya inapoongezwa au toleo lake linapobadilishwa, maana kisa cha AFNetworking kinaonyesha kwamba kipande kilichokuwa salama jana chaweza kuja na kosa leo. Kwa sababu hiyo mtengenezaji aweke orodha ya vipande vyote alivyoviazima, pamoja na namba za matoleo yake.

Tatu, matatizo ya majaribio yatatuliwe bila kuuondoa uhakiki. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, Android humruhusu mtengenezaji kuiongeza mamlaka yake ya majaribio kwa namna ambayo haitumiki kabisa katika programu inayotolewa kwa umma. Tena, tangu mwaka 2015 mamlaka ya Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, hivyo gharama ya cheti si udhuru tena.

Nne, wenye maduka ya programu wana sehemu yao. Mwaka 2016 duka la Google Play lilianza kukataa programu mpya na matoleo mapya yenye kile kitengo kitupu tulichokieleza. Hatua hiyo imesaidia, ingawa ukaguzi wa mashine hauwezi kulitambua kila umbo la kosa.

Mtumiaji naye asasishe programu zake, kwani dawa ya kosa la aina hii humfikia kwa njia hiyo tu.

JE, MAMLAKA ZENYEWE ZIKIKOSEA?

Msomaji makini atauliza: itakuwaje mhuri wa Baraza lenyewe ukiibwa? Hilo limepata kutokea. Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika kompyuta za DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimoja kikiwa cha Google. Cheti hicho kilitumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Kilitambuliwa kwa sababu kivinjari cha Chrome kilikuwa kimeandikiwa ndani yake funguo ambazo Google hutumia, nacho kikakataa ufunguo mgeni ijapokuwa sahihi ilikuwa ya mamlaka inayojulikana. DigiNotar iliondolewa katika orodha za mamlaka zinazoaminika, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikafilisika.

Kwa hiyo uhakiki wa vyeti si ngome isiyobomoka. Hata hivyo, kumvamia mtoaji wa vyeti ni kazi ya wachache wenye ujuzi na fedha. Kuidanganya programu isiyouliza chochote ni kazi ya mtu yeyote mwenye kompyuta ndogo katika kituo cha mabasi.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu atangaze ufunguo wa wazi: namba 33, kipeo 3. Mwanafunzi mmoja awe simu, na wengine wamletee "vyeti" vifuatavyo. Kila kimoja kina namba ya cheti na sahihi yake:

(a) Cheti 7, sahihi 28.
(b) Cheti 9, sahihi 14.
(c) Cheti 2, sahihi 29.

Simu ipandishe kila sahihi kwa kipeo cha 3, igawanye kwa 33, ilinganishe baki na namba ya cheti, na itamke "nakubali" au "nakataa". Kisha mwanafunzi wa pili awe simu yenye programu-jalizi mbovu: apokee karatasi hizohizo, asikokotoe chochote, na asiseme neno. Darasa lijadili: mtu aliyeziona simu zote mbili zikipokea cheti (a) tu, angewezaje kujua ipi ni mbovu?

Majibu. (a) 28 kwa kipeo cha 3 ni 21,952, baki ni 7, kinakubaliwa. (b) 14 kwa kipeo cha 3 ni 2,744, baki ni 5, si 9, kinakataliwa. (c) 29 kwa kipeo cha 3 ni 24,389, baki ni 2, kinakubaliwa. Ama swali la mwisho, hangeweza kujua kwa cheti (a) wala kwa (c). Cheti (b), kile cha uongo, ndicho pekee kingemwonyesha.